Mtwara: kushuka kuko safi, kupanda kunagonga 51 dBmV kila mchana. Tatizo ni waya wangu au nguzo yao?

#1 Steshenari_Chikongola

Habarini wanajukwaa.

Nina steshenari hapa Chikongola, Mtwara mjini. Intaneti yangu inakuja kwa waya wa kebo, ule ule unaoleta TV, kutoka kampuni moja ya hapa mjini (jina naliacha). Asubuhi mambo mazuri. Kuanzia saa sita mchana mpaka jua lipoe, kufungua kurasa kunaenda ila kutuma kitu kunagoma. Mteja anakuja kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, fomu inafunguka vizuri, tukifika kwenye kupandisha cheti cha kuzaliwa duara linazunguka mpaka anachoka anahamia kwa jirani. Mvua ikinyesha usiku, kesho yake ndiyo balaa zaidi.

Fundi wao alikuja asubuhi, akapima, akasema "mama, mawimbi yako safi, angalia kompyuta zako". Nikaingia kwenye ukurasa wa modemu, 192.168.100.1, nikanakili:

Asubuhi: kushuka (kupokea) chaneli nne (306, 314, 322, 330 MHz), nguvu kati ya +2.4 na +3.1 dBmV (kipimo cha nguvu ya mawimbi), SNR (usafi wa mawimbi dhidi ya kelele) 37 hadi 38. Kupanda (kutuma) chaneli nne, zote 48.5 dBmV.

Saa nane mchana: kushuka +2.0 hadi +2.7, SNR ile ile. Kupanda 51.0 zote, halafu chaneli moja au mbili zinapotea. Kwenye kumbukumbu za modemu kumejaa makosa yanayoitwa T3.

Naomba kujua: hiyo 51 ni tatizo? Na kama ni tatizo, ni la kwangu au la kwao? Nataka fundi akija tena nijue cha kumwambia.

#2 Kuchele_Digital

Mtwara kuchele! Natandika mkeka hapa, wajuzi waje.

#3 Bandarini_Boy

Dada hiyo rahisi. +3 ni nguvu ndogo. Nunua busta ya antena sokoni, funga kabla ya modemu, kila kitu kitakaa sawa. Kupanda 51 wala usihangaike nako, namba kubwa maana yake nguvu kubwa.

#4 FundiWaya_Shangani

#3 usimpoteze dada wa watu.

Kushuka ni nguvu inayofika kwako. Kiwango kinaruhusu kuanzia -15 hadi +15 dBmV, mafundi wengi tunapenda ibaki kati ya -7 na +7. Hiyo +3 iko katikati kabisa, na SNR ya 37 ni nzuri, kwa 256QAM (namna data inavyopakiwa kwenye mawimbi) shida huanza ikishuka chini ya 33 hivi. Kwa hiyo fundi wao hakudanganya. Alipima upande mmoja tu.

Kupanda ni habari nyingine. Ile namba ni nguvu ambayo modemu yako inalazimika kutoa ili isikike ofisini kwao. Mtambo wao, CMTS, ndio unaoiambia ongeza, ongeza, basi hapo hapo. Ni kama mtu aliyeko Msangamkuu anamwita nahodha aliye upande wa mjini: akisikika kwa sauti ya kawaida, njia nyeupe. Akipayuka mpaka mishipa ya shingo inamtoka, kuna kitu katikati kinameza sauti. Namba ikikaa kati ya 35 na 49 nalala usingizi. Ikipita hapo natafuta kinachomeza.

Na busta ya sokoni usifunge. Nyingi zimetengenezwa kwa TV, zinapitisha upande mmoja tu. Kupanda kwenye waya wako kuko chini ya 65 MHz, busta itakuziba moja kwa moja na modemu haitashika kabisa.

#5 Nachingwea_Tech

Naongeza kwa #4. Hiyo 51.0 aliyoandika mleta uzi haikuja kwa bahati. Kwenye DOCSIS 3.0 (kiwango cha intaneti ya kebo), modemu ikitumia chaneli tatu au nne za kupanda kwa 64QAM, dari yake ni 51 dBmV kwa kila chaneli. Zikiwa mbili dari inapanda hadi 54, ikiwa moja 57. Kwa hiyo mchana modemu imegonga dari. Inaambiwa ongeza na haina cha kuongeza. Ndipo chaneli zinaanza kuachwa, zinazobaki zipate nafasi ya kupanda.

T3 nayo ni hivi: modemu imetuma ombi la kupimwa, imesubiri milisekunde 200, haikujibiwa. Zikifuatana 16 bila jibu inaanza upya kabisa. Dada, angalia kama mchana taa zinazima na kuwaka zenyewe.

#6 Steshenari_Chikongola

#5 Ndiyo, hasa siku zenye jua kali. Asante, leo nimeelewa kitu. Na #4, namshukuru aliyesema fundi hakudanganya, lakini mimi shida yangu ni saa nane na yeye anakuja saa tatu asubuhi.

#7 Mtoto_wa_Mikindani

Dada una spilita (kigawa waya) humo ndani? Mimi nilihangaika na dalili hizi hizi Mikindani. Kilichokuwa kinanitesa ni spilita ya dishi. Fundi wa ving'amuzi aliifunga kwa sababu alikuwa nayo mfukoni. Ukiisoma imeandikwa 950-2150 MHz, ni ya kutoka kwenye LNB (kile kichwa cha dishi), huku chini kwenye 5 hadi 65 haina habari napo. Kushuka kulikuwa kunapenya kwa kubahatisha, kupanda kulikuwa kwenye 54. Tafuta iliyoandikwa 5-1000 MHz. Ikiwa ya njia mbili inakula 3.5 dB kila upande, ya njia nne inakula kama 7.

#8 BintiMwera_Lindi

Huku Lindi tunawasoma tu. Mtwara mna waya wa kebo, gesi, bandari na bado mnalia. Tuachieni hata hiyo 51.

#9 Kuchele_Digital

#8 shemeji wa Lindi karibu, njoo na samaki wa Lindi tukufungie spilita bure.

#10 Korosho_Daraja1

Naona wote mmekimbilia nguvu. Mimi nasema kelele. Njia ya kurudi ina ugonjwa wake: nyumba zote za mtaa zinakusanyika kwenye waya mmoja kuelekea ofisini, na uchafu wa kila nyumba unakusanyika pamoja nao. Chini ya 65 MHz kuna redio za masafa mafupi, kuna redio za 27 MHz, kuna mota, kuna mashine za kuchomelea. Konekta moja iliyolegea kwa jirani inatosha kuwaharibia mtaa mzima.

Ofisi yetu ilikuwa ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea mageti. Akianza kuchomelea, T3 zinamiminika. Akienda kula, kimya. Dada, kuna nini jirani yako kuanzia saa sita?

#11 FundiWaya_Shangani

#10 kelele nakubali ipo, ila haimfanyi modemu apandishe nguvu. CMTS inapima ukubwa wa sauti inayofika. Kelele ikizidi, utaona T3, utaona spidi ya kutuma imeanguka, lakini 48.5 ingebaki 48.5. Hapa namba imepanda. Kuna kitu kinameza.

#12 Korosho_Daraja1

Na kinga ya waya iliyokatika inafanya yote mawili: inameza mawimbi yako na kuingiza uchafu wa nje. Usitenganishe. Na ile SNR anayoiona dada ni ya kushuka. SNR ya kupanda haionekani kwenye modemu, iko kwenye CMTS. Waulize wao, wanaiona kwenye skrini.

#13 Bandarini_Boy

Mnamchosha bure. Ahamie faiba au laini ya simu, waya wa TV umepitwa.

#14 Steshenari_Chikongola

#13 faiba haijafika kwenye mtaa wangu, nimeulizia. Na laini ya simu bando lake kwa kazi za steshenari linakula faida yote.

#7 nimeiangalia spilita. Njia mbili, imeandikwa 5-1000, upande wa pili unakwenda kwenye TV ya kaunta. #10 jirani zangu ni duka la dawa na mama wa mapishi, hakuna karakana.

#15 Mzee_wa_Ligula

Salaam wanangu. Nimefanya kazi na nyaya za shaba hapa Mtwara miaka mingi, nina neno moja: chumvi.

Hewa ya pwani inaingia kwenye konekta polepole. Fungua ile ya nje, inapoingia ukutani. Shika nati, izungushe taratibu, usivute waya. Tazama uzi wa kati: ukiwa mzima unang'aa rangi ya shaba. Ukiwa mweusi, au plastiki nyeupe inayouzunguka imegeuka kahawia, maji yameingia. Nywele za kinga zikiwa na unga wa kijani, vivyo hivyo. Kwenye nyaya nyingi uzi wa kati ni chuma kilichopakwa shaba. Shaba ikiliwa, chuma kinashika kutu na kinakatika ndani kwa ndani bila wewe kuona.

Sasa sikilizeni kwa makini. Uzi ukikatika na kubaki upenyo mdogo, mawimbi ya juu yanaruka ule upenyo, ya chini hayawezi. MHz 300 zinapita, MHz 30 zinazuiliwa. Ndiyo maana TV inaonyesha, kushuka kunasoma vizuri, na kupanda kunakufa. Fundi anayepima kushuka tu hawezi kuuona ugonjwa huu hata akikaa siku nzima.

#16 Nachingwea_Tech

Shikamoo mzee wangu. Hii ya #15 inaelezea mvua pia.

#17 Mzee_wa_Ligula

Marahaba. Mvua na jua. Chuma hutanuka, upenyo hubadilika.

#18 Kuchele_Digital

Isije ikawa ni ule waya wa baharini tena? Ile Mei 2024 nchi nzima ilikwama.

#19 Nachingwea_Tech

#18 hapana mkuu, hizo mbili tofauti. Mei 2024 zilikatika nyaya za EASSy na Seacom baharini, nchi ikabaki na njia finyu ya kutoka nje. Modemu ya dada ingebaki kwenye 48.5 siku ile ile, maana umbali wake na ofisi ya kebo ni mitaa michache tu. Waya wa baharini hauna uhusiano na dBmV za nyumbani kwako.

#20 BintiMwera_Lindi

Mwezi ule sisi Lindi tulikosa intaneti na barabara, Kimbunga Hidaya kilitukatia njia ya Dar pale Somanga. Msinikumbushe.

#21 Mtoto_wa_Mikindani

Pole dada yangu.

Kwa mleta uzi: toa spilita, unganisha modemu moja kwa moja na waya unaotoka nje, TV ipumzike. Soma asubuhi, soma saa nane, tuletee.

#22 Steshenari_Chikongola

Nimefanya. Bila spilita asubuhi kupanda ni 45.0. Saa nane imekuwa 47.8. Chaneli zote nne zimebaki, wateja watatu wamepandisha vyeti bila kugoma, nimefurahi kweli.

Lakini juzi usiku mvua ilinyesha, jana mchana ikafika 50.0 na T3 zikarudi.

Nimefungua konekta ya ukutani alivyoelekeza mzee. Uzi wa kati una weusi nchani, si mwingi. Nywele za kinga zimekunjwa ovyo na moja ilikuwa inakaribia kugusa uzi wa kati. Inaonekana ilibanwa kwa plaizi, nati inacheza. Waya unashuka kutoka nguzoni unaingia ukutani moja kwa moja, hauna kona yoyote.

#23 FundiWaya_Shangani

Hapo pana kazi mbili za haraka. Konekta ya kubana kwa plaizi ikatwe, ifungwe ile inayobanwa kwa mashine yake pande zote, yenye mpira ndani. Na nje, kabla waya haujaingia ukutani, uachwe ushuke chini kidogo halafu upande kuingia. Maji yatadondokea pale chini. Sasa hivi waya wako unayapeleka maji ndani ya konekta kwa mteremko.

#24 Nachingwea_Tech

Tusifunge mjadala. Spilita imetoa 3.5 dB kama inavyotakiwa, 48.5 kuwa 45. Ilikuwa mzigo tu, ugonjwa bado upo: asubuhi hadi mchana inapanda karibu 3 dB.

Nani anasema joto la waya? Mita 30 za RG6 (waya wa kebo wa nyumbani) kwa 30 MHz zinakula kama 1.2 dB. Joto likipanda nyuzi 20 upotevu unaongezeka kama asilimia 4. Hiyo ni 0.05 dB, haionekani hata. Waya wa nyumbani wenyewe haufikishi 3 dB kwa jua. Ama ni mguso unaofunguka na kufunga, ama ni mbele zaidi, kwenye amplifaya za nguzoni. Nyingi zinajirekebisha upande wa kushuka joto likibadilika, upande wa kurudi unaachwa hivyo hivyo.

Dada, kwenye kile kikopo cha nguzoni kinachogawa waya kuna namba. Unaiona?

#25 Steshenari_Chikongola

Kijana wangu amepiga picha kwa simu kutoka ghorofani, inasomeka 26. Na lile boksi kubwa la amplifaya liko nguzo hiyo hiyo, mbele ya duka.

#26 Nachingwea_Tech

Basi hesabu hii. Nyumba zilizo karibu na amplifaya hupewa kikopo chenye namba kubwa, kipunguze nguvu ya kushuka isiunguze modemu. Lakini kile kikopo kinapunguza na kurudi vile vile. Tuseme kampuni inataka 17 dBmV zifike kwenye amplifaya: 17 + 26 za kikopo + 1.2 za waya + 3.5 za spilita = 47.7. Iko jirani kabisa na 48.5 yako ya asubuhi. Kwa hiyo ulianza siku ukiwa karibu na dari hata kama waya wako ungekuwa mpya kutoka dukani. Walio mbali na amplifaya wana kikopo cha 11 au 14, modemu zao zinanong'ona.

Hiyo sehemu ni mpango wao wa nguzoni. Ile 3 dB ya mchana ndiyo ya kugombania.

#27 Korosho_Daraja1

Na hapo ndipo ninaposema amplifaya. Iko juani nguzoni mchana kutwa. Nani mwingine yuko kwenye kikopo hicho? Wasome namba zao na wao. Wakipanda wote mchana, nguzo. Ukipanda peke yako, waya wako.

#28 Bandarini_Boy

Hii naiunga mkono. Pima kwa jirani.

#29 BintiMwera_Lindi

Sasa niseme la maana. Nafanya kazi hoteli moja huku Lindi, tuna waya wa kebo ndani ya jengo wenye mfumo wake wa TV na modemu za vyumbani. Kupanda kulikuwa 53 vyumba vyote vya ghorofa ya juu. Watu walibadilisha konekta, walibadilisha modemu. Kilichokuja kuonekana ni amplifaya ya ghorofa: upande wake wa kurudi ni moduli ya kuchomeka, na ilikuwa haijachomekwa kabisa. Mawimbi yalikuwa yanavuja kupita kwa njia ya kuzunguka. Kwa hiyo msimwamini amplifaya kwa sababu TV inaonyesha.

#30 FundiWaya_Shangani

#29 kumbe Lindi mna waya na mlikuwa mnajificha!

#31 Steshenari_Chikongola

Nimepita kwa majirani wawili walio kwenye kikopo hicho hicho. Duka la dawa: asubuhi 44.5, mchana 46.8. Nyumba ya nyuma: asubuhi 43, mchana 43.3, haijatikisika.

#32 Korosho_Daraja1

Duka la dawa limepanda. Nguzo.

#33 Mzee_wa_Ligula

Nyumba ya nyuma haikupanda. Nguzo ingewapandisha wote. Duka la dawa lina umri gani wa waya? Bila shaka alifunga fundi yule yule, kwa plaizi ile ile. Au matundu ya kikopo chenyewe yameliwa na chumvi, moja moja.

Mwanangu, sasa umeshuka kutoka kwenye dari, chaneli zinaweza kuonyesha tofauti. Zisome moja moja saa nane, na masafa yake.

#34 Steshenari_Chikongola

Saa nane leo: 24 MHz 48.6, 30.4 MHz 47.9, 36.8 MHz 47.2, 43.2 MHz 46.9.

#35 Mzee_wa_Ligula

Mnaona wenyewe. Waya mzima unakula zaidi kadiri masafa yanavyopanda, kwa hiyo 43.2 ndiyo ingetakiwa kuhitaji nguvu zaidi. Hapa ya chini ndiyo inayolazimishwa. Ule ni upenyo.

#36 Nachingwea_Tech

Mzee nakuheshimu, ila mteremko huo unaweza kutoka kwenye kisawazishi cha kurudi (kinacholinganisha nguvu za masafa) ndani ya amplifaya kikiwekwa vibaya. Tungehitaji namba za duka la dawa chaneli kwa chaneli, na za asubuhi za dada. Asubuhi zikiwa sawasawa na mchana zikiinama, upenyo. Zikiinama siku nzima, kisawazishi.

#37 Mtoto_wa_Mikindani

Bado sioni aliyeitaja modemu yenyewe. Ikipata joto, kitoa mawimbi chake kinapungua nguvu na namba inabaki kubwa kwenye skrini. Duka liko juani pia. Ibadilishane na ya jirani wa nyuma mchana mmoja, kama kampuni inaruhusu.

#38 Steshenari_Chikongola

Nimepiga simu ofisini kwao, nimesema sitaki fundi wa asubuhi. Wameniahidi Alhamisi saa nane na nusu, aje na konekta ya mashine na ngazi. Nitamwomba apime kupanda kwenye tundu langu la kikopo, halafu kwenye tundu la duka la dawa, na ofisi wanitajie SNR ya kupanda saa hiyo hiyo. Namba za asubuhi chaneli kwa chaneli nitaziweka hapa kesho.

#39 FundiWaya_Shangani

Mwambie asikate konekta ya zamani kabla hajapima. Akikata kwanza hatutajua kamwe ilikuwa ni nini. Na ile iliyokatwa usimwachie aitupe, piga picha ya ndani utuwekee.

#40 Korosho_Daraja1

Na akipanda ngazini aangalie kama kifuniko cha amplifaya kimefungwa nati zote. Mimi bado niko nguzoni.